Hadithi Uliyoisimulia Mchana

Susu,

Ni mimi Mumbua, mjukuu wako uliyezoea kumwita Mwalimu hata kabla sijaajiriwa. Mvua imenyesha vizuri huku Masii, mbaazi zimebeba hadi matawi yanainama. Kinu chako kiko palepale nyuma ya jikoni. Hakuna anayekigusa, siku hizi mahindi ya muthokoi tunanunua sokoni yakiwa yamekobolewa tayari. Najua ungetucheka.

Nakuandikia kwa sababu ya ile hadithi. Nimeshindwa kuinyamazia.

Unanijua nilivyo. Darasani, kila hadithi ikiisha nauliza, "Inatufunza nini?" na asiye na jibu anabaki amesimama. Wewe hukumuuliza mtu swali hilo hata siku moja. Ukimaliza ulitutania tu, "Nyinyi mpate panya ghalani, mimi nipate ng'ombe zizini," halafu unatufukuza tukalale. Mimi nilikuwa naona umeacha kazi nusu. Jeuri ya chaki hiyo, Susu.

Ulikuwa pia na mwiko wako: hadithi haisimuliwi mchana, ng'ombe watapotea. Basi siku ile mdogo wangu Mwende alipotoroka kwa mumewe, mtoto mgongoni, shavu limevimba, na Baba akasema ale chakula kisha arudi alikoolewa, wewe ukaacha mchi kinuni, jua likiwa utosini, ukaanza kusimulia. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Ulisimulia kuhusu msichana aliyeolewa na zimu bila kujua. Akatoroka, akafika kwenye lango la babake, akaita afunguliwe. Babake akasikia, akainuka, akashika ule mti unaofunga lango. Hapo ukanyamaza, ukamtazama Baba. Na Baba, Susu, alikuwa ameweka kikombe chini. Nilimwona.

Mimi nikakohoa kama niko mbele ya ubao. Nikasema, "Kwa hivyo inatufunza kwamba msichana achunguze mume kabla ya kuolewa, na akishachagua, avumilie."

"Umesema kweli, Mwalimu," Baba akasema, akachukua kikombe chake. Mwende akajifunga mtoto upya. Wewe ulisema tu, "Aiya, Mwalimu. Wewe uko na haraka." Hukutaja panya wala ng'ombe. Tangu siku hiyo hukusimulia tena, mpaka tukakuzika.

Mwende hakurudi kwa yule mwanamume, wala kwetu. Kwenye mazishi yako alisimama nyuma na wageni, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya chakula.

Jumamosi iliyopita nilimfuata Mlolongo. Amepanga chumba kimoja, anapikia watu wa machimbo ya mawe. Alinipa chai. Nikamwomba msamaha, nikalia, nikaeleza na kueleza. Alinisikiliza huku akikata sukuma wiki, kisha akauliza kwa upole, "Na hii nayo inatufunza nini, Mwalimu?" Nilibaki nimesimama kama watoto wangu wa darasani.

Binti yake, yule wa mgongoni, sasa ana miaka minane. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama ni kweli Susu alijua hadithi. Nikamsimulia ile ya zimu, mchana kweupe, malori yakitupita na vumbi lao. Nilipofika langoni nikanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu, Susu, ulimi uliniwasha.

Akauliza, "Babake alimfungulia?"

Nikasema sijui.

Akafikiri kidogo. "Mimi ningemfungulia," akasema, akarudi mbio kwa mamake.

Mtoto alihitaji kuachwa afikiri kidogo tu. Baba naye alihitaji hivyo hivyo, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mti wa lango. Nilimnyima mimi. Hilo sitaweza kulirekebisha, na naona aibu kukuambia, ingawa ulikuwepo na ulijua kabla yangu.

Lala salama, Susu. Nitarudi Mlolongo, hata Mwende akininyima chai. Nitamwambia Baba hadithi yako tena, akiwa bado anasikia vizuri, na nitaishia pale ulipoishia. Nakuahidi sitaongeza neno, ila lile lako ulilolimeza siku ile. Panya ni wetu, Susu. Ng'ombe ni wako.

Mwalimu wako,
Mumbua