Kidole Kwenye Rangi Nyekundu

Nuremberg, wiki ya kwanza ya Desemba

Kaka Jochen,

Huku theluji imeanza, na mkate wa tangawizi mwaka huu nimeuunguza. Nyumba ya baba imeuzwa. Darini nilikikuta kile kichwa chake cha treni ya kuchezea, cha bati, bado kina ile rangi nyekundu iliyopakwa juu ya kijani.

Nilikipeleka kwa fundi Pfister, yule mzee mwenye maneno mengi. Akaniuliza, "Mama, niikwangue hii nyekundu tuirudie kijani ya kiwandani, au nipake upya kote?"

Nikamwambia akwangue. Akakisogeza kwenye taa, akacheka. "Ama kweli! Aliyepaka alikuwa na haraka, kaacha alama ya kidole. Tena kidole chenye kovu!"

Nikaficha gumba langu mfukoni. Kovu lile la kisu cha mkate unalijua.

Baba alisema ni wewe uliyekipaka, nami nikanyamaza. Akakukataza kuingia sebuleni Krismasi nzima. Ulisimama ukumbini ukiisikiliza treni ikizunguka chini ya mti, na mimi ndani nimeshika swichi ya kuiendesha. Miaka arobaini na sita najiuliza kama ulijua.

Nimemwambia Pfister asikiguse.

"Kibaki hivi hivi, kibaya hivi?"

"Hivyo hivyo."

Nimekifunga ndani ya soksi za baba, pamoja na reli zote. Kikifika, zitandike, na swichi ushike wewe.

Mdogo wako,
Roswitha