Ugali Ulioukunja Ndani ya Kanga

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Mvua zimerudi. Hapa kwenye kijiji kipya mahindi yameota mpaka karibu na milango, na Yusta, mjukuu wako, yuko darasa la pili. Tunashiba sasa. Ndiyo maana naandika. Kila nikishiba, tonge la mwisho linanikwama.

Siku tulipobomoa nyumba yetu ya Lumuma ili tuhamie kijiji hiki kama serikali ilivyoamuru, boriti ilikupiga kichwani. Ulizinduka siku ya tatu, maneno yamekupotea. Ulimwita Yusta "sufuria." Tukacheka, nawe ukacheka, kisha ukalia. Dresa wa zahanati akanipa moyo: "Ubongo umeumia, unataka chakula ili upone. Mpe uji, maharage, na maziwa yakipatikana. Asikae na njaa." Nikafanya hivyo, na maneno yakaanza kurudi, moja moja. Asubuhi uliyoniita Anjelina, jina zima bila kukwama, nilikuongezea uji bakuli la pili.

Kisha mvua zikakatika. Tukawa tunakula unga wa njano wa mgawo. Nilikupakulia wewe kwanza. Ulikuwa unakula tonge moja, mawili, ugali uliobaki unaukunja ndani ya kanga. Nikigeuka tu, unawapa watoto. Nikikuuliza, unasema, "Nimeshiba, mwanangu." Neno hilo halikukupotea hata siku moja.

Mama, niliona. Tena si mara moja. Watoto walikuwa wanalia njaa, nami nikajifanya nachochea moto.

Maneno yakaanza kuondoka tena. Kwanza majina ya majirani. Halafu langu. Mkono wa kulia ukalegea. Dresa alikuja, akakushika mkono uliobaki mifupa, akaniuliza kama unakula. Nikamjibu, "Anakula." Wiki ile ile tukakuzika.

Watu wanasema uliuawa na boriti. Nimewaacha waseme.

Pumzika, Mama. Msamaha sikuombi leo. Yusta na mdogo wake hawajui lolote. Wanakukumbuka kwa kicheko chako tu. Wakikua, nitawaketisha wote wawili niwaambie: bibi yenu aliwapa chakula chake, na mama yenu aliona akanyamaza. Sitapunguza neno.

Mwanao,
Anjelina