Maji Baridi ya Uani

Shikamoo, Baba.

Nimeitamka kwanza kabla ya kuiandika, na nikajikuta nangoja ile marahaba yako ndefu. Ni mimi Mwende, mkwe wako, uliyezoea kumwita mbara wangu kwa kuwa natoka bara. Salim mwanao yuko kazini Mombasa, Mama amejinyoosha baada ya adhuhuri, na mimi nimekaa sebuleni karibu na tangi lako la samaki. Taa zake nimezizima. Sitaki kuliona.

Nianze na habari njema kwa kuwa ni moja tu. Uani pamekwisha. Mafundi wanapaita sampu, tangi la chini la kuchujia maji, wewe ukakataa. Ulisema nyumba ya watu ina sebule ya kupokea wageni na uani pa kuoshea vyombo na kupara samaki, basi tangi la matumbawe nalo litajengewa uani, chini kabatini, uchafu wote uishie huko. Yule Mwitaliano uliyemtunzia nyumba alikuachia tangi tupu la juu akarudi kwao. Ukaanza kulijengea mwenyewe, hapa mtaani Barani, Malindi, umepiga magoti sakafuni na mimi nashika vioo.

Ulikuwa umebakisha kioo kimoja ulipoingia hospitali. Nimekigandisha mimi. Gundi ni ile ile uliyonionyesha, isiyo na dawa ya ukungu, na niliiacha ikauke mpaka harufu ya siki ikaisha. Sasa maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye soksi ya kuchujia, kwenye mashine ya povu inayotoa uchafu, kwenye mwani, na chumba cha mwisho pampu inayarudisha juu. Stima ilipopotea mara ya kwanza nilishika kichwa. Maji yakashuka, yakajaa, yakasimama chini kidogo ya ukingo, kwenye ile nafasi uliyosisitiza tuiache. Hata tone halikumwagika. Nikageuka kukuonyesha, Baba. Nikageuka kweli.

Haya mengine sijui niyasemeje.

Unakumbuka kule wodini, sauti ikiwa imekwisha, ulinivuta mkono nikainama. "Maji yakipungua kule uani, tia maji baridi, mwanangu. Baridi tu." Nikakuahidi.

Basi nikatia maji baridi. Nilikuwa nakodi tuktuk hadi kusini ya mji, mbali na tope la Mto Sabaki, najaza mitungi maji safi ya bahari, nayalaza kwenye friji. Kila maji ya chumba cha mwisho yaliposhuka chini ya mstari uliouchora kwa wino, natia ya friji. Niliona ndiyo akili yako hiyo, maana Malindi ina joto na joto ndilo ulilokuwa ukiliogopa siku zote. Nikaelekeza na feni juu ya maji. Yakazidi kupungua, nami nikazidi kutia.

Tumbawe la zambarau ndilo lililoanza kupauka, kutoka chini kwenda juu. Halafu lile la kijani likajikunja, halikufunguka tena. Nikadhani ni joto bado. Nikampigia Salim, akasema Baba alijua kazi yake, fuata alivyokuambia. Na mimi si nilikuwa nafuata?

Mama wakati wote huo alikuwa amekaa eda, chumbani kwake. Siku ya kwanza aliyotoka kukaa sebuleni, alinikuta na jagi mkononi. Akachovya kidole, akaonja.

"Mbona watia maji ya chumvi? Marehemu alikuwa akitia maji baridi."

"Haya ni baridi, Mama. Yametoka kwenye friji."

Akaniangalia. Hakucheka, na natamani angecheka.

"Maji baridi ni haya ya kunywa, mwanangu. Yasiyo chumvi."

Baba, kwetu Machakos maji ya kunywa ni maji tu, hatuna bahari ya kuyatenganisha nayo. Maji baridi ni yaliyopoa, basi. Miaka yote niliyoishi nanyi nimelisikia neno hilo nikadhani watu wa pwani wanapenda sana vitu vya friji. Kumbe maji yanapokauka yanaiacha chumvi nyuma, na mimi nikaongeza chumvi juu ya chumvi, kwa mkono wangu, kwa mapenzi yangu yote.

Ungekuwepo ungenitania mwaka mzima. Ungewahadithia msikitini. Nataka unitanie, Baba, na hupo, na mimi sina la kufanya. Natia maji ya bomba yaliyolala ndooni, kidogo kidogo, chumvi inashuka, lakini matumbawe yamebaki meupe na hayatarudi. Uani panafanya kazi vizuri mno kwa sebule isiyo na mtu. Yule samaki wako wa rangi ya machungwa bado anazunguka mle peke yake. Mimi nalia jikoni Mama asinisikie, naye analia chumbani nisimsikie, na sote twasikiana.

Tangi sitalizima. Maadamu huyo samaki yu hai, pampu itazunguka, na neno lolote lako nisilolielewa nitamuuliza Mama kwanza. Ijumaa Salim anakuja, tutakuzuru Mambrui. Mama atabeba asumini. Mimi nitabeba maji ya kumwagia kaburi lako, maji baridi.

Nitayaonja kwanza.

Lala salama, Baba.

Mbara wako,
Mwende