Saa Iliyochapwa Kwenye Tiketi Yako

Kaka Gwamaka mpendwa,

Tangu Jumapili kichwa changu hakijatulia, na sioni mwingine wa kumweleza ila wewe.

Unakumbuka kompyuta ya ofisi ya basi pale Tukuyu? Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza kugombea abiria, na tajiri wako akataka tiketi za kuchapwa. Programu uliiandika mwenyewe, mimi nimekaa pembeni nakuangalia. Ulinieleza kwamba mashine huweka tarehe na saa kama namba moja ndefu isiyosomeka. Wewe unaipa herufi, hizi za siku, hizi za mwezi, hizi za saa, nayo inaigeuza kuwa maandishi. Mara ya kwanza ulikosea herufi, mahali pa mwezi zikatokea dakika. Tulicheka mpaka tajiri akaja kuchungulia.

Ulipojaribu tena, saa ya kuondoka ikatoka "7:00".

"Hii si saa saba?" nikakuuliza.

"Ni saa moja asubuhi. Mashine inahesabu saa za Kizungu. Nitairekebisha. Kwa sasa mkata tiketi atawaambia abiria kwa mdomo."

Mwezi uleule ukapata kazi Dar es Salaam. Mama hakutaka uende, maana Baba alikuwa ameshafariki na shamba la kahawa kijijini kwetu Masoko lilibaki mikononi mwake peke yake. Mkanuniana. Siku tuliyokwenda kumuaga uliacha nakala ya tiketi mezani, ukaniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo: "Akitaka kunisindikiza, saa imeandikwa hapo." Mama hakugeuka.

Asubuhi yake tulisimama stendi, mvua inanyesha, wewe unaangalia njia ya Masoko. Kondakta alipokuita ukasema, "Basi, amekataa," ukapanda. Mimi nilipanda nawe, nikashuka Kiwira kurudi shuleni. Tangu hapo barua zako zinakuja kwangu tu, na Mama unamtumia salamu.

Jumapili tulikuwa tunachambua maharage, nikataja jina lako.

"Kaka yako alinidanganya," Mama akasema taratibu. "Karatasi ilisema saa saba. Nilifika stendi mapema na chakula chake, nikaambiwa basi limeondoka tangu asubuhi. Hakutaka nimwone."

Nilimweleza habari za mashine na saa za Kizungu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, saba ni saba."

Sasa mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta ile, na tangu Jumatatu nahangaika na ule mstari wako wa programu unaochapa saa. Nikipunguza saa sita, saba inakuwa moja, vizuri. Lakini basi la saa kumi na moja alfajiri linatoka hasi moja. Na safari za usiku sijui niziandikie tarehe ipi. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumatatu, mashine inasema bado ni Jumapili. Naandika, nafuta. Moyo nao uko hivyohivyo: mara nakukasirikia wewe kwa ile "nitairekebisha", mara namlaumu Mama kwa kunyamaza miaka yote hii, mara nawahurumia wote wawili na sijui nianzie kwa nani.

Jana nilimuuliza kama nikuandikie. Alifunika kwanza chungu cha maharage.

"Mwambie nilikuja," akasema.

Basi nakuambia, Kaka. Alikuja. Na safari hii usinipe mimi salamu za kumpelekea.

Ubaki salama huko uliko.

Mdogo wako,
Atupele