Nusu ya Kichwa cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Wamenipa daftari. Niandike kila siku, eti ni mazoezi ya ubongo. Mimi kinyozi. Maisha yangu yote nimefanya kazi juu ya ubongo wa watu, mfupa tu ukitutenganisha, na hatukuwahi kusumbuana. Sasa wangu umeamua kunichokoza.

Kiharusi, wanasema. Mshipa umeziba upande wa kulia wa kichwa, kwa hiyo umelala upande wa kushoto wa mwili. Hata huko ndani fundi kavusha nyaya. Nilikuwa namnyoa mtu ndevu, nikaona taa inafifia, nikataka kumwambia mtu abadilishe balbu. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, nimelalia nywele za wateja. Mteja alikimbia na povu kidevuni. Sijui alimalizia kwa nani.

Mdomo uko sawa. Mkono wa kulia uko sawa. Sioni kinachowaliza watu humu ndani.

Jumatano, 5 Machi

Kuna mtu ameacha mkono kitandani kwangu. Mzito, wa baridi, umelala tu. Nikamwita nesi auondoe, ni wa mgonjwa wa kitanda cha pili, bila shaka kausahau. Nesi akasema mgonjwa wa kitanda cha pili anayo mikono yake yote miwili. Halafu akaniuliza pete hii ya nani. Pete yangu ya ndoa. Nikamwambia basi mtu huyo ni mwizi vilevile.

Hakubishana. Akanishika mkono wa kulia, akaupitisha juu ya ule mwingine, kuanzia vidole, kiwiko, mpaka begani. Bega langu.

Nimeupa jina: Shemeji. Kwa heshima ya kaka yake mke wangu, ambaye naye amelala kwangu tangu mwaka juzi, anakula, anajinyoosha, na sijamwona akinyanyua kitu. Huyo ndiye aliyeachiwa saluni yangu. Kunyoa nilimfundisha mimi mwenyewe. Ananyoa kama anafyeka uwanja wa shule.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali imeanza kubana matumizi. Wananiletea nusu sahani. Leo nimefoka kweli, nimempa mpishi vidonge vyake. Mke wangu akaigeuza sahani tu. Ikatokea nusu nyingine, na nyama juu yake. Nikamuuliza alikuwa ameificha wapi. "Ilikuwa hapo hapo mbele yako, baba," akasema, akatazama dirishani.

Anasema pia kwenye daftari naanzia katikati ya ukurasa. Nikamwambia karatasi si zake. Na amejuaje, ikiwa anadai halisomi daftari langu?

Jumanne, 18 Machi

Daktari wa ubongo kaja na mchezo wa watoto. Binti mdogo, ana sauti ya mtu anayembembeleza mbuzi apande gari. Funga macho, baba. Jifanye uko mlangoni pa saluni yako, unatazama kioo kule ndani. Nitajie unavyoviona.

Kitu gani kitanishinda hapo? Nikataja kabati la mataulo, feni, kalenda, ndoo ya nywele. Akauliza kingine. Nikamwambia saluni ni chumba kimoja, si uwanja wa ndege.

Haya, akasema, sasa ingia mpaka ndani, kipe kioo mgongo, utazame mlango. Taja tena.

Nikataja benchi la wateja, redio, sinki, picha ya marehemu baba akiwa na mkasi wake. Nilipofika kwenye picha nikanyamaza mwenyewe. Benchi lile limechukua ukuta mzima. Mara ya kwanza sikuliona kabisa! Akaniuliza taratibu, na kabati liko wapi sasa? Nikalitafuta. Macho yamefumbwa, nalitafuta kabati langu kichwani mwangu mwenyewe, kabati nililopiga misumari kwa mkono wangu. Halikuwepo. Na ndilo nililoanza nalo muda mfupi tu uliopita.

Akanieleza, na hapa naandika kama nilivyomwelewa. Macho yangu ni mazima. Ubongo ndio umeacha kujishughulisha na upande wa kushoto, wa vitu nilivyo navyo mbele yangu na hata wa vile ninavyovikumbuka. Haunionyeshi giza wala pengo, ningeshtuka. Unaniambia vyote ndivyo hivi, na mimi nauamini, maana sina mwingine wa kumuuliza.

Nimemshukuru. Kwa hiyo nina tapeli kichwani, na wa kumchunguza huyo tapeli ni yeye mwenyewe. Kazi nzuri.

Nimeogopa leo. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi nyumbani. Nilipokuwa hospitali wamepunguza upana wa milango yote. Bega la kushoto limevimba kwa kugonga miimo. Mke wangu anasema milango ni ile ile. Kila mtu siku hizi ni shahidi wa upande wa mashtaka.

Anakuja mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mpana, mkali, ana mikono ya mkanda unga. Kanifunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Nikitaka kusoma, kula, kupita mlangoni, kwanza niutafute utepe. Nikiupata ndiyo nijue nimefika mwisho wa dunia upande ule. "Kushoto, baba. Kushoto zaidi. Bado." Namchukia kwa moyo wangu wote. Lakini juzi Shemeji, yule wa mwilini, kakunja vidole viwili.

Yule wa miguu miwili anafungua saluni asubuhi, anafunga jioni. Nasikia wateja wameanza kumzoea. Watu huzoea chochote.

Leo nimemwambia mke wangu Jumanne narudi kazini. Akaweka chini kisu cha vitunguu. Akasema siwezi kushika wembe shingoni mwa mtu na huku nagonga milango. Nikasema mlango haujawahi kunilipa. Hakucheka. Akasema basi tufanye hivi: ninyoe kichwa kimoja, kizima, kama zamani, mbele yake. Nikiweza, ufunguo wangu. Nikishindwa, kiti ni cha kaka yake moja kwa moja na nisimsumbue tena mtu.

Nimekubali, kwa madaha. Naandika hapa jambo ambalo sikumwambia: sina kazi nyingine ninayoijua. Nikinyang'anywa kile kiti, nabaki mzee wa kugonga miimo ya milango.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeshinda!

Jioni, wateja wameondoka, tumeenda saluni mimi na mke wangu na fimbo. Kichwa cha kunyoa alikitoa Shemeji mwenyewe. Alikuwa amefuga nywele tangu niugue, sijui ni za huzuni au za uvivu. Akakaa, nikamfunga shuka, nikasimama nyuma yake nimeegemea kiti. Kioo mbele yetu. Harufu ya poda na spiriti. Nilitamani kulia, nikajikaza kisabuni.

Mashine ikaimba. Mkono wa kulia haujasahau kitu. Nimeanzia kisogoni, nikapanda utosini, nikazunguka sikio, laini, hakuna ngazi, hakuna alama. Nikafuta nywele kwa brashi, nikarudi nyuma hatua moja kama fundi anayeijua kazi yake. Kichwa kinang'aa kama sufuria mpya.

Shemeji akajitazama kwenye kioo. Akajitazama muda mrefu kidogo. Akapitisha kiganja kichwani. Akasema, "Safi, shemeji. Mkono ni ule ule." Akavaa kofia.

Mke wangu alikuwa ameshatoka nje. Nikamfuata nikamkuta amegeukia barabara. Nikadai ufunguo. Akasema kesho. Wanawake hawapendi kushindwa.

Jumapili, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimeanza kwa kutafuta utepe, ili leo nianzie pembeni mwa ukurasa.

Mchana tulikuwa mezani. Shemeji kakaa mbele yangu, joto kali, kofia kichwani. Nikamwambia avue, kazi yangu si ya kufichwa. Akasema ana baridi. Jasho linamchuruzika anasema ana baridi. Nikanyoosha mkono, nikaivuta kofia.

Kichwa kimejaa nywele. Chote. Msitu. Nikawauliza nywele gani hizi zinaota kwa usiku mmoja, au jana niliota ndoto?

Mke wangu akainuka, akanishika mkono wa kulia, akauweka juu ya kichwa cha kaka yake, akausogeza pole pole. Nywele. Nywele. Halafu ngozi tupu.

Nilimnyoa nusu. Jana nilisimama nyuma yake, nikanyoa upande wa kulia mpaka katikati ya utosi, nikasimama pale pale kama mtu aliyefika mpakani. Ule wa kushoto haukuwepo. Leo amenikalia uso kwa uso, pande zimegeuka: zenye nywele ndizo nilizoziona, na kipara nilichokichonga mwenyewe ndicho kilichopotea. Ni yale yale ya benchi na kabati, ila safari hii yana masikio.

Nikafoka. Nini tena ningefanya? Nikawaambia wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wamenifanya mtoto. Mke wangu akasema alitaka kuniambia pale pale, kaka yake ndiye aliyemzuia kwa macho.

Nikamgeukia huyo kaka. Kwa nini hakumalizia mwenyewe? Mashine anazo, kioo anacho, na usiku mzima alikuwa nao. Kwa nini ashinde na kofia, aende nayo dukani asubuhi, watu wamcheke?

Alikuwa anakusanya makombo ya mezani kwa kidole. Akasema, "Kichwa hiki umekianza wewe, shemeji. Nikikimalizia mimi, itakuwa umeshindwa."

Nikaomba maji.

Jumatatu, 14 Aprili

Jumatatu saluni hufungwa. Tuko watatu, mlango umerudishwa. Naandika nimekaa kwenye benchi. Nimesema mguu umechoka, wanipe nafasi kidogo. Uongo. Mguu hauna neno.

Mke wangu yuko pembeni yangu, ufunguo kwenye kiganja, amekubali nijaribu mara moja hii tu. Kasema wembe asiuone. Nikasema leo mashine peke yake. Nikawapa na sharti langu: mtu asiniambie kitu. Wasinielekeze, wasigune, wasikohoe hata. Nikitaka kurudi kwenye kile kiti lazima nijue mwenyewe, maana wateja hawatakuja na mke wangu mfukoni.

Shemeji kavua kofia, kakaa. Mkono wangu wa kushoto, wenye utepe, sijauita Shemeji tangu jana mchana. Naona jina limepata mwenyewe na si la kutukania tena. Mkono huo umemshika bega, kwa vidole vitatu. Nimewasha mashine, nimesimama nyuma yake kama juzi, nimetazama.

Kichwa kimenyolewa.

Nimefumba macho, nimefumbua. Kipara. Kinang'aa, hakuna hata unywele wa kubahatisha. Nimetazama kwenye kioo, kipara pia. Nimetafuta utepe kama alivyonifunza yule mama, nikauona kidogo, nikatazama juu, kipara. Jana nimekishika kwa kiganja hiki hiki, nusu ni msitu, na sidhani kuna mtu aliyekuja usiku kumnyoa. Lakini naapa sioni kitu cha kunyoa. Ningekuwa peke yangu ningezima mashine, nikakunja shuka, nikasema karibu tena.

Ndipo nilipokuja kukaa hapa.

Shemeji ananitazama kwenye kioo. Hajakohoa. Mke wangu ufunguo anauzungusha, anauzungusha, hasemi. Wametii kila kitu, watu hawa, leo tu ndiyo wameamua kunisikiliza.

Namuuliza yule tapeli wa kichwani: tumemaliza? Anajibu haraka sana, ndiyo bwana, tumemaliza zamani.

Haya. Daktari alisema ingia mpaka ndani, kipe kioo mgongo, tazama mlango. Ni hatua chache kutoka hapa, kupitia mbele ya miguu ya Shemeji. Mashine niliiacha inawaka, naisikia inaimba juu ya kabati. Naiweka kalamu, nainuka, nazunguka kiti, nimtazame uso kwa uso kama jana mezani.