Kompyuta Isiyo na Kadi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi sasa kinakuacha ulale. Huku sote hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri au bado unaishi kwa chai. Baba ni mzima, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi.

Nakuandikia haraka haraka. Dereva wa ofisini kwenu aliyefuata kompyuta yuko sebuleni, ameshakataa kikombe cha pili, na kila nikiinua kichwa namwona anachezea funguo. Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua, hamniiti Konokono bure: ningemeza maneno, halafu ungegundua mwenyewe kesho mbele ya wenye jengo. Tafadhali soma yote kabla hujaiwasha kompyuta.

Jana baada ya masomo nilikwenda na Baba dukani kama ulivyoagiza. Muuzaji alituwekea mbili mezani, zote za rangi moja, nyembamba kama daftari. Ya kwanza ina kadi yake ya grafiki, ndiyo uliyoitaka. Ya pili haina; picha zinachorwa na prosesa ileile inayofanya kazi nyingine zote, na memori ni ya pamoja. Muuzaji alisema hiyo ya pili ni ya kuandikia na kuangalia sinema, na kwamba mchoraji wa majengo akiinunua atalia. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikatoa flashi yenye mchoro wako, nikamwomba tuufungue kwenye zote mbili.

Alisema kweli. Kwenye yenye kadi, jengo lako lilizunguka bila kusita popote. Kwenye ile nyingine lilikwama-kwama kila picha ilipofika uani. Baba akaanza kutafuta pochi. Hapo nikaomba wachomoe waya wa chaji. Muuzaji alicheka, akamuuliza Baba kama binti yake akienda kununua gari huomba kwanza mafuta yamwagwe. Wateja nao wakacheka. Masikio yaliniwaka, lakini nilikuwa nakumbuka ulivyonieleza: jengo bado ni matofali matupu, umeme haujaingia, na wewe utatembea na kompyuta mkononi ukiwaonyesha wenyewe kila chumba kitakavyokuwa. Mara ya mwisho ile ya zamani iliganda mbele yao, na bosi wako akasema ikitokea tena kazi atapewa mwingine.

Waya ulipochomoka, yenye kadi ikaanza kusuasua. Feni ikavuma, chini pakapata moto hata nikashindwa kuibeba, na betri ikawa inashuka tukiitazama. Muuzaji alieleza bila kuficha kwamba mwili mwembamba hauna pa kupozea joto, na kwa betri peke yake kadi hupunguziwa nguvu. Wanaoinunua huwa wanafanya kazi karibu na soketi. Ile isiyo na kadi haikubadilika. Ilikwama palepale uani, kwingine ikapita.

Baba alikuwa amechoka kusimama. Alisema yeye hajui kadi wala grafiki, anachotaka ni kile mwanawe alichoagiza, basi. Akanyoosha kidole, akaniuliza kama ndiyo hii. Kaka, kidole kilikuwa kimeelekea kwenye isiyo na kadi. Nikaitikia kwa kichwa. Aliponipa mfuko niubebe alisema afadhali nyumba ina msomi. Na asubuhi, alipokupigia kukuambia amepata ileile uliyotaka, nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Si hilo tu. Nimegusa kazi yako. Nilipofika nyumbani niliufungua mchoro nitafute kinachokwamisha, nikakuta ile bustani ya uani. Umechora nyasi unyasi mmoja mmoja! Nikatengeneza nakala, nikazifuta zote, ukabaki udongo mtupu. Sasa mchoro unapita kila chumba bila waya, mapajani mwangu, na hauniunguzi. Ule wako wa mwanzo upo vilevile. Lakini najua ulivyoipenda ile bustani, na mimi sijawahi kujenga hata banda la kuku. Labda wenye jengo wanaingoja bustani kuliko vyumba. Kama ni hivyo nimekuharibia, wala sitasingizia kwamba sikujua.

Dereva amesimama. Namsikia Baba akimsihi aibebe taratibu, asiibamize, maana humo ndani kuna kadi. Anaitamka kwa fahari kama vile aliitengeneza yeye. Gari likishatoka nitamwambia. Nimeogopa kumwambia kabla kwa sababu angeirudisha dukani, na nusu yangu inaamini angefanya sawa.

Msalimie wifi, mwambie vitabu vyake nimevifunga vizuri, vinamsubiri. Mama anarudia kwamba ule.

Ukiiwasha utakuta mafaili mawili. Lenye nyasi ni lako, lisilo na nyasi ni langu. Kesho watakapokuuliza wapi pa kuanzia, fungua unaloliamini, usinionee huruma.

Mdogo wako akupendaye,
Konokono