Mdogo Wangu Ndani ya Kioo cha Saluni

Jumatano, jioni. Babati ni baridi na vumbi.

Mdogo wangu amekuwa kwangu tangu kabla ya Pasaka. Alikimbia kipigo cha mumewe huko Singida, mwanawe Juni mgongoni na mfuko mmoja wa nguo. Akabadilisha namba ya simu. Mimi nikajiwekea sharti moja tu: sura yake isionekane mtandaoni.

Nina saluni ndogo njia ya kwenda Bonga, na wateja wengi wananipata kwa picha za misuko ninazoweka. Mdogo wangu ananisaidia kusuka. Nikitaka kupiga picha, namwambia asogee, anasogea.

Juzi nilimsuka dada mmoja, nywele zikatoka nzuri kweli. Nikampiga picha kwa nyuma, nikaiweka, nikaendelea na kazi.

Kioo sikukiangalia.

Jana komenti ikaingia: “Saluni imependeza, shemeji. Nisalimie Mama Juni.”

Nikaikuza picha. Ndani ya kioo, juu ya bega la mteja, mdogo wangu ameinama anamfuta mwanawe kamasi.

Nikaifuta haraka haraka, kana kwamba nikifuta naye atasahau alichoona. Mdogo wangu aliniangalia usoni tu akajua.

“Ni yeye, dada?”

“Ameiona picha.”

Hakunilaumu. Akaanza kukunja nguo za mtoto. Bora angenitukana.

Shemeji huyo mimi bado namfuata mtandaoni. Rafiki zangu wananishangaa, mtu kama yule namfuata wa nini? Ni kwa sababu anaweka kila kitu, nyama anayokula, magari ya watu, na mimi nataka kujua yuko wapi. Leo asubuhi aliweka picha ya dirisha la basi, bila maneno. Nje kulikuwa na mlima Hanang, njia ya kuja Babati.

Alikuwa anakuja.

Tukakimbilia polisi, dawati la jinsia. Afande, mama mtu mzima, akauliza, “Hiyo komenti iko wapi?”

“Nimeifuta pamoja na picha, afande.”

Akaguna. “Siku nyingine usifute. Piga picha ya skrini kwanza. Sasa mimi nitamwonyesha nini?”

Hata hivyo alituandikia maelezo. Mdogo wangu na mtoto wakaondoka na mtu ninayemwamini. Walikokwenda siandiki hata kwenye daftari hili.

Mchana jirani yangu fundi cherehani akanipigia: “Mama Glory, usije! Kuna mwanaume anapiga mateke mlango wa saluni yako.” Nikampigia afande. Askari wakamkuta pale pale, wakamchukua. Nimeambiwa huenda akatoka kwa dhamana leo hii hii.

Tangu hapo nimekaa na simu, napitia picha zangu zote. Mlango wa nyumba yangu upo. Geti la jirani lipo. Glory yupo na sare ya shule, nembo inasomeka. Mwanangu! Mtu yeyote angejua pa kumsubiri.

Nimezifuta. Kuanzia sasa naangalia kilicho nyuma ya mtu kabla ya mtu mwenyewe. Misuko nitaipiga ukutani, na picha itasubiri mpaka mteja awe kwake. Nisiowafahamu wanaonifuata nimeanza kuwatoa, mmoja mmoja.

Kwa shemeji nilitaka kumfungia kabisa, kidole kikasita. Moyo unataka nisione tena uso wake. Lakini nikimfungia, basi lingine atakalopanda nitalijuaje?

Nimemwacha alipo.

Sasa hivi simu imelia, namba ngeni. Nimeiangalia ikilia mpaka karibu ikatike, ndipo nikapokea. Ni mdogo wangu.

“Tumefika, dada. Mtoto amekula.”

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

“Na wewe? Leo unalala wapi?”

Siku nzima hilo sikuwa nimejiuliza.

Nimemwita Glory avae sweta. Tunakwenda kulala kwa watu.